Madirisha ya IPC$: Jinsi Seva ya Mafaili Inavyopokea Maombi ya Mabomba Yenye Majina

Ofisi ninayotaka kuisimulia iko hatua chache kutoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, pale ambapo harufu ya dagaa inakupokea kabla hujaona gunia la kwanza. Ina kompyuta nne, printa moja, na kasha jeusi lililofunikwa kitambaa cha maua, ambalo ndilo seva. Mzigo unafika kutoka visiwani, unapimwa, unaandikiwa hati, halafu unapakiwa kwenda Dar es Salaam, Burundi au Congo. Niliitwa kwa sababu, kama alivyonieleza kwa simu mama anayesimamia ofisi, "mashine inatukatalia."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, kijana wangu. Karibu ndani. Mimi nimechoka. Kila siku neno la siri, neno la siri! Tumeshalibadilisha mara tatu na bado inasema hatuna ruhusa."

Nikakaa kwenye kompyuta ya karibu. Ukiandika anwani ya seva peke yake, \\192.168.1.10, unaambiwa huna ruhusa. Ukiiandika pamoja na jina la folda, \\192.168.1.10\mizigo, folda inafunguka bila ubishi: unasoma, unaandika, unafuta. Mtumiaji ni yuleyule, neno la siri ni lilelile. Printa nayo, iliyochomekwa kwenye seva ili wote waitumie, ilikataa kuunganishwa na kompyuta yoyote. Hati zilikuwa zinabebwa kwa fleshi kutoka meza moja hadi nyingine.

Fundi akiona folda inafunguka lakini orodha ya folda inakataa, aache kuhangaika na neno la siri. Hayo ni maombi ya aina mbili, na ndani ya seva yanapita njia mbili tofauti. Ombi la kwanza linakwenda kwenye faili. La pili linakwenda kwenye kitu kinachoitwa bomba lenye jina, na hapo ndipo wengi wetu tunaorekebisha mitandao ya ofisi ndogo tunapotea, kwa sababu kwa nje bomba hilo limevaa nguo za faili.

Ghala na dirisha

Kwanza neno lenyewe. Hapa Mwanza ukisema bomba, mtu anakuuliza kama maji yametoka. Bomba la maji ni la upande mmoja: maji yanatoka ziwani, yanapanda kwenye matangi ya mlimani, yanashuka mpaka kwenye ndoo yako, na hayarudi. Kwenye Unix na Linux kuna bomba la namna hiyo hasa. Unalitengeneza kwa amri ya mkfifo, linaonekana kama faili kwenye folda, programu moja inamimina baiti upande huu na nyingine inakinga upande wa pili, na yote yanaishia ndani ya kompyuta hiyohiyo.

Bomba lenye jina la Windows ni mnyama mwingine. Linapitisha maneno pande zote mbili, wateja kumi, yaani kompyuta au programu zinazoomba huduma, wanaweza kulifungua kwa wakati mmoja na kila mmoja akapata mazungumzo yake, na linafikika kutoka kompyuta nyingine kwa kupitia itifaki ileile inayobeba mafaili, yaani SMB, kwenye poti 445. Kwa hiyo nitaacha mfano wa maji na kutumia wa mwaloni.

Chukua ghala la dagaa. Unaingia, unasema "nipe gunia la saba", unapewa gunia la saba. Hilo ndilo faili: lipo, lina ukubwa, lina tarehe, lilikuwepo jana na kesho litakuwepo. Pembeni ya ghala kuna dirisha la karani. Hapo huombi gunia. Unauliza: "Leo mna stoo ngapi, na zinaitwaje?" Karani anaandika jibu kwenye karatasi na kukupa. Karatasi hiyo haikuwepo kabla hujauliza.

Sasa kwenye kila seva ya SMB kuna folda ya pamoja isiyo na faili hata moja, inayoitwa IPC$. Ni jengo lenye madirisha tu, na kila dirisha lina jina. Dirisha la srvsvc linajibu maswali kuhusu seva yenyewe, ikiwemo orodha ya folda zilizogawiwa. Dirisha la spoolss ni la printa. Lsarpc linageuza zile namba ndefu zinazoanza na S-1-5-21 kuwa majina ya watu, ndiyo maana ukifungua sehemu ya ruhusa za faili unaona jina la mhasibu, huoni mstari wa tarakimu. Samr linashughulika na watumiaji na vikundi, winreg linasoma rejista ya mipangilio ya Windows, svcctl linawasha na kuzima huduma. Mama wa Kirumba hajawahi kuyasikia majina haya, na hana sababu ya kuyasikia, lakini kila asubuhi kompyuta yake inapiga hodi kwenye mawili au matatu kati yake.

Kwa hiyo alipoandika anwani ya seva bila jina la folda, kompyuta yake ilikwenda kwenye dirisha la srvsvc kuuliza orodha. Alipotaja folda moja kwa moja, ilikwenda ghalani bila kupita dirishani. Ghala lilikuwa wazi, madirisha yamefungwa.

Safari ya ombi moja

Nilikuwa na laptopu yenye Wireshark, programu ya kukamata na kuonyesha pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, nikaiunganisha na kompyuta moja ya ofisi kwa kupitia swichi inayoweza kunakili pakiti kutoka poti moja kwenda nyingine. Nawashauri mafundi wenzangu wafanye hivi angalau mara moja, kwa sababu hakuna maelezo yanayofikia kuona mazungumzo yenyewe yakipita. Kwa seva isiyo na hitilafu, yanakwenda hivi.

Baada ya kukubaliana toleo la itifaki na kuthibitisha mtumiaji, mteja anaomba kuunganishwa na IPC$. Seva inakubali na kwenye jibu inataja aina ya folda hiyo: 1 ni diski, 2 ni bomba, 3 ni printa. Hapa ni 2. Kuanzia hapo seva inajua kwamba majina yatakayokuja kupitia muunganisho huu yasitafutwe kwenye diski. Kosa la kwanza la mtu anayeandika seva yake mwenyewe ni kuisahau ile 2 na kupeleka kila jina kwenye mfumo wa mafaili.

Kisha mteja anatuma ombi la kufungua, lilelile linalotumika kufungua faili, na jina ni "srvsvc". Seva inakagua: dirisha hili nalijua? Huyu mtu anaruhusiwa kulifikia? Yote yakikaa sawa inatoa kishikio, namba ya baiti 16 ambayo mteja ataitaja katika kila ombi linalofuata. Kwa macho ya mteja hakuna tofauti na kishikio cha faili. Kwa seva tofauti ni kubwa. Ukubwa wa kitu hiki haupo. Tarehe ya kubadilishwa haina maana. Mteja hawezi kupewa kibali cha kuhifadhi nakala upande wake, maana hakuna cha kunakili. Mtandao ukikatika dakika moja, kishikio cha faili kinaweza kudumu na mteja akarudi kukichukua, lakini mazungumzo ya dirishani yakikatika yamekatika, yanaanza upya na salamu.

Salamu hiyo ndiyo hatua inayofuata. Ndani ya bomba mteja na karani wanazungumza lugha nyingine kabisa, inayoitwa DCE/RPC, ambayo kazi yake ni kuiwezesha programu moja kuita kazi iliyoko kwenye kompyuta nyingine kana kwamba iko jirani. SMB ni daladala, RPC ni abiria. Mteja anaandika pakiti ya kujifunga na huduma (bind): nataka huduma yenye namba 4b324fc8-1670-01d3-1278-5a47bf6ee188, toleo la 3. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha srvsvc. Anasoma jibu la kukubaliwa. Halafu anauliza swali lenyewe: kazi namba 15, nitajie folda zote.

Na swali hilo huwa haliandikwi kwanza halafu likasomwa jibu. Kuna ombi maalumu linaloitwa FSCTL_PIPE_TRANSCEIVE linalofanya yote mawili kwa mpigo: andika hiki, subiri, nirudishie jibu. Linapunguza safari moja ya kwenda na kurudi. Kwenye mtandao wa ofisi moja huoni faida, lakini kama seva iko mjini na wewe uko Ukerewe kwa mtandao wa simu, utaiona.

Baiti 16 za mwanzo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Faili unaweza kulisoma kuanzia popote: nipe baiti 100 kuanzia ya 5,000. Dirishani hakuna "kuanzia". Kila ombi la kusoma kwenye SMB lina nafasi ya kuandika mahali pa kuanzia, na mteja hujaza sifuri kwa sababu fomu inadai ijazwe. Seva inapaswa kuipuuza. Inayoiheshimu itarudia kutoa baiti zilezile za mwanzo mpaka mteja akate tamaa.

La pili ni mipaka ya ujumbe. Bomba linaweza kuendeshwa kwa mtindo wa baiti, ambapo vitu vinatiririka bila alama, au kwa mtindo wa ujumbe, ambapo kila kilichoandikwa kwa mara moja kinabaki kitu kimoja, kama gunia lililoshonwa mdomo. RPC inataka magunia yaliyoshonwa. Lakini seva nyingi za Linux kwa ndani zinapitisha baiti hizi kwenye soketi ya kawaida, yaani kiunganishi cha programu mbili, na huko hakuna mshono. Inabidi seva ishone yenyewe.

Inashonaje? Kila kipande cha RPC kinaanza na kichwa cha baiti 16. Nilichokamata mimi kwenye salamu ya mteja anayetaja huduma moja tu kilikuwa hivi:

05 00 0b 03 10 00 00 00 48 00 00 00 01 00 00 00

05 00 ni toleo, la 5 nukta 0. 0b ni aina ya pakiti: 11, yaani kujifunga. 03 inasema kipande hiki ni cha kwanza na pia ni cha mwisho, hakuna kingine kinachofuata. Halafu 10 ya baiti ya tano, ambayo wengi wanairuka. Inaeleza mpangilio wa namba zinazofuata: baiti ndogo itangulie au kubwa itangulie. 10 maana yake ndogo kwanza. Ndipo unapofika kwenye 48 00, urefu wa kipande chote. Ukiisoma ndogo kwanza ni 72, na ukihesabu utaona ni baiti 72 kweli. Ukiisoma kubwa kwanza ni 18,432.

Fikiria seva iliyosoma kinyume. Imepokea baiti 72, inaamini bado 18,360 ziko njiani, inakaa kuzisubiri. Mteja naye amemaliza kusema na anasubiri jibu. Hakuna kosa lililoandikwa popote, hakuna anayekoroma wala anayelia, ni kimya tu mpaka muda uishe. Ukikutana na seva inayogoma kwa namna hiyo, bila ujumbe wowote wa kosa, angalia urefu kwanza.

Hata ukisoma vizuri, ombi la mteja linaweza kuja na nusu ya kipande: baiti 16 za kichwa sasa hivi, zilizobaki kwenye ombi linalofuata. Hiyo ni haki yake. Seva inazipokea, inaziweka kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda, inahesabu zilizobaki, na kipande kikitimia ndipo inampelekea karani. Lakini isipokee bila kikomo. Urefu unaandikwa kwa baiti mbili, hivyo kipande kimoja hakizidi 65,535, ila vipande vinaweza kuunganishwa kuwa ombi moja kubwa, na mteja mwenye nia mbaya anaweza kutuma vipande mia asifike mwisho. Weka kikomo, ukifika kata.

Upande wa jibu una mtego wake. Tuseme mteja ameacha nafasi ya baiti 1,024 kupokea orodha, na orodha imetoka 1,500 kwa sababu ofisi ina folda nyingi zenye maelezo marefu. Seva isikate jibu, wala isikatae. Inatoa 1,024 za kwanza pamoja na alama 0x80000005, yenye maana kwamba ujumbe bado unaendelea, na mteja anasoma 476 zilizobaki kwa ombi jingine. Mwandishi wa programu asiye makini akiona namba hiyo si sifuri anahesabu kuwa ni kosa na kufunga bomba. Siri iko kwenye tarakimu ya mwanzo. Alama za SMB zinazoanza na 8 ni tahadhari, zinazoanza na C ni makosa. Ile aliyokuwa akiipata mama wa Kirumba ni 0xC0000022, ruhusa imekataliwa.

Kuna jambo la subira pia. Ukisoma faili ukafika mwisho, unaambiwa mwisho. Ukisoma dirishani na karani bado anaandika, hakuna mwisho, kuna kusubiri tu. Seva ikimwacha mfanyakazi wake mmoja amesimama kumngoja karani, na wateja ishirini wakafanya hivyohivyo, ofisi nzima inasimama pamoja na wale waliotaka mafaili tu. Kwa hiyo tangu SMB2 seva inampa mteja jibu la muda, "ombi lako limepokelewa, subiri", inampa namba ya kufuatilia, na inaendelea na wengine. Mteja anaweza kubadili mawazo na kutuma ombi la kufuta. Anaweza pia kufunga kishikio wakati usomaji wake bado unaning'inia, na hapo seva lazima ilimalize lile linaloning'inia kabla ya kutupa kumbukumbu. Ikiitupa kwanza, jibu la karani likija litaandikwa mahali ambapo pameshapewa mtu mwingine. Makosa ya aina hii hayaonekani kwenye majaribio ya mezani. Yanaonekana siku ya mwisho wa mwezi watu wakiwa wengi.

Nani yuko nyuma ya dirisha

Seva ya kasha jeusi ilikuwa inaendesha Samba, programu huria iliyoanzishwa na Andrew Tridgell akiwa Canberra, Australia, na kutolewa mara ya kwanza 1992. Jina alilipata kwa kutafuta kwenye kamusi ya kompyuta maneno yenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Lingeweza kutoka neno baya zaidi.

Kwa miaka mingi Samba ilikuwa na karani ndani ya ghala: mchakato uleule uliokuwa ukitoa mafaili ndio uliojibu maswali ya RPC. Toleo la 4.16 la 2022 lilibadilisha mpango. Sasa kuna programu ya pembeni, samba-dcerpcd, inayowaamsha makarani wakihitajika, kila kundi la huduma na programu yake. Seva ya mafaili ikipokea ombi la kufungua bomba, inaunganisha soketi iliyoko kwenye folda ya siri ndani ya kompyuta na kuanza kupitisha baiti. Karani mmoja akianguka, mafaili yanaendelea.

Mpango huo unaleta swali: karani aliyeko chumba kingine anajuaje anaongea na nani? Mteja alijitambulisha getini, kwa SMB, si dirishani. Kwa hiyo kabla ya baiti ya kwanza ya RPC, seva inamtumia karani maelezo ya mtu huyu: ni nani, yuko vikundi gani, ametoka anwani gani. Hatua hii ikirukwa, karani atabaki na machaguo mawili mabaya: kuwakatalia wote au kuwaamini wote.

Seva ya ksmbd, iliyoingia ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kwenye toleo la 5.15 mwaka 2021, imefuata busara hiyohiyo kwa njia yake. Mafaili yanashughulikiwa ndani ya kerneli kwa kasi, lakini maombi ya mabomba yanatolewa nje kwa programu ya kawaida. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka kuchambua RPC ndani ya kerneli.

Jina la bomba ni maneno ya mgeni

Narudi kwenye neno moja nililolipita haraka: jina. Mteja anatuma "srvsvc" na seva inalichukua. Lakini hilo ni neno lililoandikwa na mgeni, na mgeni anaweza kuandika chochote.

Tarehe 24 Mei 2017, siku kumi na mbili baada ya kirusi cha WannaCry kuanza kuzunguka dunia kwa kupitia SMB ya Windows, Samba walitangaza udhaifu wao wenyewe, uliopewa namba ya usajili CVE-2017-7494. Ulikuwepo tangu toleo la 3.5.0. Samba iliruhusu huduma za RPC ziongezwe kama moduli, yaani vipande vya programu vya kuchomeka, hivyo ikipata jina la bomba isilolijua, ilijaribu kupakia moduli yenye jina hilo. Mgeni akiandika jina linaloanza na mkwaju (/), yaani njia kamili ya faili kwenye diski, Samba ilipakia faili hilo na kuliendesha. Alichohitaji ni folda moja anayoruhusiwa kuandika ili aliweke faili lake humo kwanza. Dawa yake ilikuwa ukaguzi mfupi sana kwenye programu: jina likiwa na alama ya / lisikubaliwe. Walioshindwa kusasisha mara moja waliambiwa waongeze mstari mmoja kwenye mipangilio, "nt pipe support = no", unaofunga madirisha yote.

Ungedhani somo limeeleweka. Mpango mpya wa 4.16, ule wa soketi kwenye folda ya siri, ulirudia kosa lile kwa sura nyingine. Jina la bomba lilibandikwa mwisho wa njia ya folda bila kusafishwa vya kutosha, hivyo mgeni akiandika ../ (rudi folda ya juu) kwenye jina angeweza kutoka nje ya folda hiyo na kuunganishwa na soketi nyingine za kompyuta, na seva ilikuwa inaunganisha kwa mamlaka ya juu kabisa. Hiyo ni CVE-2023-3961, ikazibwa Oktoba 2023 kwenye matoleo ya 4.19.1, 4.18.8 na 4.17.12. Siwalaumu sana. Jina linafanana na jina la faili, na mkono wa mwandishi wa programu umezoea kubandika majina ya mafaili kwenye njia. Mimi kwa seva yoyote ndogo ningeweka orodha fupi ya majina yanayojulikana, na lisilokuwemo ningelirudisha bila kuligusa.

Mstari ule wa mipangilio ndio nilioukuta Kirumba. Nilifungua smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, na pale juu, chini ya [global], ukasimama: nt pipe support = no. Juu yake fundi aliyenitangulia aliandika "virusi 2017". Samba ilikuwa toleo la 4.3. Alifunga madirisha kama ilivyoshauriwa, nadhani kwa nia ya kurudi kusasisha, na hakurudi. Watu wa ofisi wakazoea kuandika jina la folda, wakazoea fleshi, wafanyakazi wapya wakafundishwa hivyohivyo, mpaka akaja kijana asiyejua kwamba orodha huwa haifunguki, akauliza kwa nini.

Kuufuta mstari tu kungekuwa kosa, maana udhaifu uliofichwa nao bado ulikuwepo. Nilinakili mafaili kwenye diski ya nje, nikaweka Linux mpya yenye Samba ya kisasa, nikarudisha folda, nikazuia poti 445 na 139 kwenye rauta zisifikike kutoka nje, na nikahakikisha mtu asiyejitambulisha hapewi orodha ya watumiaji. Jaribio nililifanya kwa amri mbili kutoka kwenye laptopu. Ya kwanza, smbclient -L, inauliza srvsvc orodha ya folda. Ya pili, rpcclient pamoja na neno enumprinters, inakwenda kwenye spoolss. Ya kwanza ilijibu folda tano. Ya pili ilinigomea, nikagundua nimesahau kuiandika printa kwenye mipangilio mipya, kosa langu kabisa.

Saa kumi na moja jioni mama alikaa kwenye meza yake, akaandika anwani ya seva bila jina la folda, akasubiri. Orodha ikaja. Akabofya mara mbili kwenye printa, ikaunganishwa, akatuma hati ya gunia arobaini zilizokuwa zinapakiwa nje muda huo.

"Kumbe neno la siri halikuwa na shida?"

"Halikuwa na shida mama."

"Sasa nirudishe lile la zamani? Hili jipya silikumbuki."

Nikamwambia arudishe.